Soseji ya Kijerumani kwenye mkate: jinsi ya kuichagua, kuichoma na kuila

Wakuu, mara ya kwanza kununua Bratwurst, ile soseji ya kuchoma ya Kijerumani, ilikua mji wa Erfurt huku Ujerumani, nimeshuka treni na njaa yangu ya tangu asubuhi, nikafuata moshi mpaka kwenye kibanda, nikaonyesha kwa kidole, nikapewa kimkate cha kuenea kiganjani na ndani yake soseji ndefu imetokeza huku na huku kama mtu mzima aliyelazwa kitanda cha mtoto. Nikajua tayari nimeshapigwa. Nikamuuliza yule mama muuzaji kwa Kijerumani changu cha kuungaunga kama hana mkate mkubwa kidogo, akaiangalia soseji, akaniangalia mimi, akasema mkate ni wa kushikia.

Sa hivi nimekaa huku jimbo la Thüringen miaka kadhaa, nimechoma nyingi na nimeunguza nyingi, na kila mgeni akija kutoka nyumbani maswali ni yaleyale, hii ina kitimoto? mbona hawaweki kachumbari? nikila kila siku nitanenepa? Kwaiyo naandika mara moja, atakayeniuliza tena namtumia hii.

Kwanza ujue kwamba Bratwurst sio soseji moja

Kila mji una ya kwake na kila mji unaona ya jirani ni mchezo. Ya huku kwetu inaitwa Thüringer Rostbratwurst, haipungui sm 15, inakua gramu 100 mpaka 150, viungo vyake ni pilipili manga, majorani (majani ya kunukia), kisibiti na kitunguu saumu, japo kila bucha ana vipimo vyake na hakwambii. Jina lenyewe limelindwa na Umoja wa Ulaya tangu 2003. Maandishi ya zamani kabisa yanayoitaja ni ya 1404 kwenye mji mdogo wa Arnstadt, tena sio shairi wala amri ya mfalme, ni daftari la matumizi la nyumba ya masista, wameandika wametoa sarafu moja kununua utumbo wa kutengenezea Bratwurst. Yani risiti ya bucha. Watu wa huku wanakutajia huo mwaka kama vile walikuwepo.

Ukienda Nürnberg unakuta vidogo, sm 7 mpaka 9, gramu 20 hadi 25 kimoja, vimejazwa kwenye utumbo wa kondoo ambao ni mwembamba, na vinawekwa vitatu kwa mkate mmoja, kwa lahaja yao wanasema Drei im Weggla, yani vitatu ndani ya mkate. Wanapenda kusimulia kwamba vilifanywa vidogo ili wenye migahawa waweze kuviuza usiku kupitia tundu la funguo baada ya saa za biashara kuisha. Ni hadithi tu, lakini ukikiona chenyewe unasema mbona kinapita.

Coburg nako wanachomea juu ya moto wa makoni ya misonobari badala ya mkaa, ule utomvu unatoa harufu ambayo ukiipata sokoni huwezi kupita hivihivi. Kule juu ya jengo la halmashauri kuna sanamu ya mtakatifu Mauritius ameshika fimbo, watu wa mji wanasema ile fimbo ndo kipimo cha urefu wa soseji.

Na ndugu zangu wa Nairobi kabla hamjasema hii si ni smokie pasua tu, hapana. Kwenye smokie pasua unapasua soseji ndo unaijaza kachumbari. Huku kinachopasuliwa ni mkate, soseji hairuhusiwi hata kutobolewa, na sababu nitaieleza kwenye hatua ya kuchoma.

Hatua ya 1: soma lebo kabla hujatoa hela

Hapa ndo wengi wanateleza. Schwein ni nguruwe, Rind ni ng'ombe, Kalb ni ndama, Geflügel ni kuku na jamii yake. Bratwurst ya kawaida ni nguruwe, usijidanganye, hata ile iliyoandikwa Kalbsbratwurst mara nyingi imechanganywa, neno moja kubwa mbele alafu nyuma kwa herufi ndogo unakuta Schwein. Hata ya kuku ya supamaketi inaweza kuwa na mafuta ya nguruwe ndani, na ikikosa hayo utumbo wenyewe unaweza kuwa wa nguruwe, kwaiyo soma mpaka mwisho. Kama unakula halali pita kwenye bucha za Waturuki, wanazo za ng'ombe na za kuku za kuchoma, unamuuliza mwenyewe ana kwa ana. Frankfurt wana Rindswurst ya ng'ombe mtupu tangu 1894, ni tamu, lakini ng'ombe sio lazima awe amechinjwa unavyotaka wewe, hayo ni mambo mawili tofauti.

Alafu kuna maneno mawili, roh na gebrüht. Roh ni mbichi kabisa. Gebrüht imeshapikwa kwenye maji ya moto, we unaipa rangi na joto tu. Kama ndo unaanza chukua gebrüht, hata ukikosea haikuui. Ukichukua mbichi bucha ichome siku hiyohiyo au igandishe, nyama ya kusaga haisubiri kesho.

Na kuna neno refu, Nitritpökelsalz, hiyo ni chumvi yenye naitraiti inayofanya nyama ibaki pinki. Wiener na Bockwurst, soseji za aina nyingine, zinayo, zenyewe ni za kupasha kwenye maji ya moto tu. Mi sikujua, mwaka wa kwanza nikanunua Wiener paketi nzima nikazirusha juu ya mkaa unaowaka, zikapasuka zikajikunja zikawa kama njugu za kubanika. Mzee wa ghorofa ya chini alikua anapita na baiskeli akasimama kabisa. Akanieleza taratibu kama anaongea na mgonjwa, kwamba za pinki hazichomwi, joto kali linaitengeneza ile naitraiti kuwa naitrosamini ambazo zinahusishwa na saratani, za kuchoma ni zile zilizopauka. Kuanzia siku ile ndo akawa mwalimu wangu, na mengi ya hapa chini ni ya kwake.

Kwaiyo usishtuke, Bratwurst nzuri haipendezi ikiwa mbichi, imepauka kama mtu ametoka hospitali, na ikiiva ndani inakua kijivu cheupe. Ndo inavotakiwa.

Hatua ya 1 na nusu, kwa walioko Dar, Mombasa, Kigali na kwengineko: tengeneza mwenyewe

Kama haipatikani unaweza kuikaribia. Nyama ya ng'ombe gramu 750 na mafuta ya ng'ombe gramu 250, usipunguze mafuta ukadhani unafanya afya, utapata soseji ya mbao. Vikate vipande, viweke friza mpaka vianze kukakamaa, saga. Weka chumvi gramu 15, pilipili manga gramu 3, majorani kavu gramu 2, kisibiti kilichotwangwa gramu 1, kitunguu saumu punje mbili na maji ya barafu ml 100. Jamani kisibiti sio binzari nyembamba, mbegu zinafanana sana na huku Ujerumani hata majina yamekaribiana, Kümmel ni kisibiti na Kreuzkümmel ni binzari nyembamba, ukichanganya unapata soseji yenye harufu ya pilau. Sio mbaya, lakini sio hii. Majorani ikikosekana weka oregano nusu ya kipimo, ni ndugu yake ila ana sauti kubwa.

Kanda kwa mkono mpaka nyama inate, ukigeuza kiganja chini kipande kinabaki kimening'inia. Hapo imekubali. Kama huna utumbo wala mashine ya kujazia finyanga soseji kumi, kila moja isokote ndani ya plastiki ya kufungia chakula, weka friza nusu saa ishike umbo, toa plastiki, kaanga. Hiyo inakupa kumi za gramu 110.

Hatua ya 2: mkate

Huku unaitwa Brötchen, Bavaria wanasema Semmel, Berlin wanasema Schrippe, Franken, upande wa Nürnberg, wanasema Weggla, ni uleule. Kwa ukubwa ni kama skonzi lakini skonzi ni laini na tamu, huu hauna sukari wala maziwa ya maana, ganda la nje ni kavu linalialia ukilibonyeza, zaidi unafanana na boflo ya Unguja iliyotoka tanuri sasa hivi. Mkate laini wa hotdogi ule mrefu usiutumie, unalowa mafuta unakua uji. Pasua ubavuni kwa kisu, usitenganishe, uache bawaba upande mmoja. Kama ni wa asubuhi umeshalegea urudishe juu ya wavu pembeni dakika moja.

Hatua ya 3: moto

Hapa sina mengi, sisi na mkaa tunajuana. Washa nusu saa kabla, subiri mkaa wote uvae majivu meupe, usogeze mwingi upande mmoja na upande wa pili uache mchache, kwaiyo una sehemu ya moto mkali na sehemu ya kupumzikia. Huku jiko lenyewe wanaliita Rost, na ukiona kibao kimeandikwa Rost brennt maana yake moto umeshawaka njooni. Hata mwezi wa kwanza na theluji utamkuta mtu kasimama nje na koti anageuza soseji.

Wavu usafishe ukiwa wa moto kisha upake mafuta, wao wanasugua na ngozi ya nguruwe yenye mafuta, mi nakata kitunguu nusu, nakichoma uma, nachovya mafuta ya kula nasugulia, soseji hazigandi na harufu inakua nzuri zaidi.

Hatua ya 4: kuchoma kwenyewe

Toa soseji kwenye friji dakika kumi na tano kabla, ikienda kwenye moto na baridi yake nje inaungua ndani bado. Kama ni mbichi na una wasiwasi iloweke kwanza kwenye maji ya moto yasiyochemka, nyuzi 75 mpaka 80, yani yanatoa moshi lakini hayarukiruki, dakika kumi. Maji yakichemka kabisa ngozi inapasuka na kazi imeishia hapo.

Panga juu ya wavu sehemu yenye mkaa mchache. Geuza mara kwa mara, kila dakika moja hivi, kwa koleo na sio uma. Ukitoboa, mafuta yanamwagika kwenye mkaa, mkaa unalipuka moto, ule moshi mweusi unaporudi kwenye nyama unabeba vitu vinavyotokana na mafuta kuungua ambavyo sio vizuri kwa mwili, na juu ya hayo soseji yako imekauka, yani hasara mbili kwa tundu moja. Moto ukiruka wa huku wananyunyiza bia kidogo juu ya soseji, unatuliza mwali na sukari yake inasaidia rangi. Maji yanatuliza vilevile, mi natumia chupa ya plastiki niliyoitoboa kifuniko.

Dakika kumi mpaka kumi na tano. Utaisikia kabla ya kuiona, mwanzo inanyamaza, alafu inaanza kuimba kidogo, alafu ngozi inajivuta inakua imetuna na ukibonyeza na koleo inarudi. Hapo ihamishie pale kwenye mkaa mkali kidogo tu ipate michirizi ya kahawia. Kahawia, sio nyeusi. Paliponyeusi kata utupe. Mwenye kipimajoto achome mara moja tu mwishoni kwenye ncha, katikati iwe nyuzi 70 kwenda juu. Asiye nacho akate moja, kama ndani bado ina pinki na inateleza rudisha.

Kwa kikaangio ni hivohivo ila moto wa wastani kwenda chini, mafuta kijiko kimoja, na uvumilivu. Watu wanaweka moto mkubwa ili imalizike haraka, matokeo yake nje imeungua ndani mbichi.

Hatua ya 5: haradali na mjadala wa kechapu

Haradali, au mastadi kama unavoiita, inapakwa juu ya soseji mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha, haipakwi kwenye mkate. Ya huku inayopendwa ni ya ukali wa wastani, Erfurt wana ya kwao inaitwa Born, ipo tangu 1820, nunua tyubu. Ukali wake unapanda puani sio kwenye ulimi, na siri yake ni kwamba ina uchachu unaokata mafuta ndo maana wanaila na vitu vya mafuta.

Kechapu unaweza kuomba, muuzaji atakupa, ila angalia sura yake. Mi sioni dhambi kwa mtoto. Kwa mtu mzima, kechapu ina sukari na inafunika ile majorani uliyoilipia. Kachumbari sasa, hapo mi ni msaliti, nyumbani kwangu naweka pembeni kwenye sahani, mzee wa chini alionja akasema inafaa, lakini sio ndani ya mkate. Sawa mzee.

Hatua ya 6: kula

Kibandani unasema Eine Bratwurst bitte, unalipa kitu kama euro 3 au 4 kulingana na mahali, unapewa na kitambaa cha karatasi. Kama ni uwanja wa mpira toka dakika ya 40, nusu ya kwanza ikiisha foleni inakua ndefu kuliko ya mwendokasi Kimara. Anza na ncha zilizotokeza nje, zile mbili ni soseji tupu, ndo sehemu ya kuonja. Ukifika kwenye mkate unang'ata vyote pamoja, na mkate utakua umeshanyonya mchuzi kidogo. Inama mbele. Haradali haisamehe shati jeupe. Mtoto mdogo mkatie kwa urefu, vipande vya duara vinaweza kumkaba.

Hesabu ya lishe, bila kupaka rangi

Chukua soseji ya gramu 120, hiyo ni kama kalori 350. Mkate kama 150. Haradali haifiki popote. Jumla 500 hivi, na kati ya hizo mafuta ni gramu 30 na kitu, protini kama gramu 20. Sio sumu, ni mlo. Kosa ni kuila kama kitafunwa kati ya milo, unakula saa kumi umesimama, saa moja jioni unakaa mezani kama hukula kitu.

Chumvi ndo inanitisha mimi zaidi, familia yetu ina presha. Soseji, mkate na haradali kwa pamoja inafika gramu 3 na nusu hivi, na Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku. Kwaiyo ukila moja, siku hiyo achana na chipsi za chumvi na supu ya paketi. Na nyuzinyuzi hapo karibu hakuna, mkate mweupe hauna la kukupa, ndo maana ukibadilisha ukachukua mkate wa nafaka nzima na ukaweka kabichi pembeni, iwe sauerkraut yao ya kuchachushwa au ya kwetu ya kukatwa na ndimu, umeshaokoa nusu ya tatizo.

La saratani watu wanalipotosha pande zote mbili. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa uhakika, na ikasema anayekula gramu 50 kila siku hatari yake ya saratani ya utumbo mpana inapanda kwa asilimia 18 ukilinganisha na asiyekula. Hilo kundi linaonyesha uhakika wa ushahidi, haliongelei ukubwa wa hatari, kwaiyo anayekwambia soseji ni sawa na sigara kwa vile ziko kundi moja amesoma kichwa cha habari tu. Lakini kila siku ni kila siku. Chama cha lishe cha Ujerumani chenyewe, DGE, tangu 2024 kinashauri nyama na soseji vyote pamoja visizidi gramu 300 kwa wiki. Piga hesabu, soseji moja ya gramu 150 umeshakula nusu ya wiki yako. Ile ya Krismasi ya nusu mita wanayouza kwenye masoko ya mwezi wa kumi na mbili, gawaneni wawili bwana.

Na hapa Nürnberg wanatushinda japo sitasema hivi kwa sauti nikiwa Erfurt. Vitatu vyao kwa pamoja havifiki gramu 80, ukijumlisha na mkate unakaa kwenye kalori 350 hivi, na mdomo umeridhika kwa sababu umeng'ata mara nyingi.

Zikibaki

Soseji iliyoiva inakaa friji siku mbili kwa chombo kilichofungwa, kesho yake ikate vipande ukaange na kabichi na kitunguu, usiongeze chumvi. Mkate ndo haukai, ukilala usiku mmoja asubuhi unaweza kumpigia mtu. Wenyewe wanausaga unga wa kupakia nyama. Mi nauvunja naloweka kwenye chai ya maziwa, mzee wa chini aliniona siku moja kupitia dirisha la jikoni, hakusema kitu, ila wiki iliyofuata akabisha hodi ameshika mfuko wa vimkate vya jana.